Mtihani wa kurasa 58, na msahihishaji ni kijana niliyemfundisha kazi

Shikamoo Mama.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, naishi Dar es Salaam. Kazi yangu ni uhariri. Nimeifanya miaka 11 katika kampuni moja ya vitabu vya shule. Nilianza kwa kusoma prufu, yaani nakala za kukaguliwa kabla ya kuchapwa, nikapanda hadi kusimamia vitabu vyote vya Kiswahili vya shule za msingi. Tangu kazi ya vitabu vya kiada irudishwe Taasisi ya Elimu Tanzania, sisi wa kampuni binafsi tulibaki zaidi na vitabu vya ziada, na soko lake si la kutegemea. Mwaka jana kampuni ilipunguza watu, na mimi nikawa mmojawapo. Nililipwa stahiki zangu, sina ugomvi nao.

Tangu hapo natafuta kazi, na kilichonishangaza ni mitihani. Zamani nilipeleka barua kwa mkono, nikaitwa, nikaulizwa maswali, nikaambiwa nianze mwezi unaofuata. Siku hizi huulizwi hata habari za kwenu kabla hujapewa kitu cha kusahihisha. Wapo walionipa habari nitoe vichwa vitatu na muhtasari wa maneno 60. Wapo walionitumia kiungo, nikifungua tu saa inaanza kuhesabu, na umeme ukikatika shauri yangu. Wengine nimewafanyia, nimewatumia, hawakunijibu hata kusema hapana.

Sasa nije kwenye kinachonikosesha usingizi. Kuna kampuni ya ushauri inayotengeneza vijitabu vya mafunzo kwa miradi ya kilimo na afya. Wanatafuta mhariri mwandamizi wa Kiswahili. Mshahara wao ni mzuri kuliko niliokuwa napata. Usaili wa kwanza ulifanyika ofisini kwao. Tulipewa ukurasa mmoja na nusu, dakika 40, kalamu, bila kamusi wala simu. Ilikuwa taarifa ya kikundi cha kuweka na kukopa. Nikakwama kwenye sentensi moja: wanakikundi 14 walichanga shilingi 5,000 kila wiki kwa wiki 10, wakapata shilingi 650,000. Nikapiga hesabu pembeni, naona 700,000. Nikarudia, ni 700,000. Nikamwandikia mwandishi swali pembeni: kuna ambao hawakuchanga, au jumla imekosewa? Kwa kuhangaika na hilo muda ukaniishia kabla sijagusa aya ya mwisho, na vijana waliokaa karibu yangu walikuwa wameshakabidhi na kutoka. Nilirudi nyumbani najua nimeshindwa. Mimi si mwepesi, Mama. Ni mtu wa kusoma mara mbili.

Wiki iliyofuata nikaambiwa nimepita, tumebaki watatu. Kisha ikaja barua pepe yenye “zoezi la mwisho la usaili”. Ni kijitabu kizima cha ufugaji wa kuku wa kienyeji, kurasa 58. Nimepewa siku tatu, nirudishe nakala inayoonyesha mabadiliko yote na nakala nyingine safi. Malipo hayakutajwa.

Nilipolifungua, jina la faili linaishia na “rasimu 3 kwa mteja”. Ukurasa wa dibaji una jina la mradi na nafasi ya saini iliyoachwa wazi. Pembeni mwa ukurasa wa 19 kuna maoni ya mtu: “Daktari wa mifugo athibitishe kipimo hiki cha dawa.” Hakuna aliyejibu. Huo si mtihani uliotungwa, Mama. Hiyo ni kazi ya watu inayosubiri kupelekwa kuchapwa.

Na bado sijakwambia kubwa. Atakayesahihisha ni kijana niliyempokea mimi alipokuja kwenye mafunzo kwa vitendo akiwa bado chuoni. Mimi ndiye niliyemwonyesha alama za kusahihishia prufu. Nilikaa naye dawati moja nikimweleza kwa nini sentensi fulani isiguswe. Leo yeye ndiye mkuu wa kitengo cha machapisho, na mimi ndiye mtahiniwa. Amenitumia ujumbe: “Dada usiwe na wasiwasi, ni utaratibu tu.” Huo ujumbe nimeusoma hadi umenichosha. Kama ananijua, ananipima nini?

Mume wangu anasema nifanye, kurasa 58 si mlima, na Januari ada zinatusubiri. Rafiki yangu wa uhariri, ambaye sasa anajitegemea, anasema nikifanya ninawaharibia wahariri wote, kwa sababu kila anayekubali kazi ya bure anawafundisha waajiri kwamba uhariri hauna bei. Wote wawili nawaona wana haki. Nimebakiwa na siku mbili na sijafuta hata nukta.

Nifanye nini?

Mwenye Kalamu Nyekundu, Dar es Salaam

—

Marahaba mwanangu. Pole kwa mwaka uliokuwa nao. Kupunguzwa kazi baada ya miaka 11, hata stahiki zikilipwa, kunamtikisa mtu, na baada ya hapo kila mlango unaobisha unakutaka uanze kujieleza upya kama vile hujawahi kufanya kitu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya yote nataka nikwambie nilichokiona ndani yake: umeniletea mambo mawili yaliyofungwa kwenye mzigo mmoja. La kwanza ni kuombwa kazi nyingi bila malipo. La pili ni kupimwa na mtu uliyemlea. Yote mawili yanauma, lakini maumivu yake si mamoja, na dawa zake si moja. Nina wasiwasi kwamba ukiyaacha yamefungwa hivyo, hili la pili ndilo litakaloamua la kwanza, au la kwanza liwe kisingizio cha la pili. Niruhusu niyafungue.

Nianze na faili. Una hakika ni kazi inayosubiri kuchapwa, na dalili ulizoziona ni za mhariri wa kweli; wengi wasingeangalia jina la faili. Lakini hebu tuziulize maswali kama ambavyo ungemuuliza mwandishi. Zinathibitisha kwamba mswada ni wa kweli. Je, zinathibitisha kwamba watautumia mkono wako? Kutunga mtihani mzuri wa uhariri ni kazi yenyewe: utafute andiko, upandikize makosa, uandae majibu, umpe mtu mwingine aujaribu. Ofisi nyingi hazina muda huo. Mtu huchukua rasimu ya zamani iliyokwisha kuhaririwa, akaituma kama ilivyo, kwa sababu nakala iliyosahihishwa anayo tayari ya kulinganishia. Kijitabu hicho huenda kiko mikononi mwa wafugaji tangu mwaka juzi. Huenda pia kinasubiri wewe. Mimi sijui, na kwa barua yako naona nawe hujui bado.

Kuna njia ya kupunguza giza hilo leo hii. Maoni ya pembeni kwenye programu ya kuandikia kwa kawaida hubeba tarehe. Fungua yale ya ukurasa wa 19, utazame yaliandikwa lini. Kama ni ya miaka miwili iliyopita, picha inabadilika. Kama ni ya mwezi huu, shaka yako inapata nguvu. Jambo jingine la kuuliza ni kama watahiniwa wote watatu mmepewa kurasa zilezile. Mkiwa na andiko moja, kuna mantiki ya kuwalinganisha. Kama kila mmoja amepewa kijitabu chake, hapo mwanangu ningekaa chini nikafikiri sana, maana watu watatu na vijitabu vitatu ni kazi nyingi iliyomalizwa kwa jina la usaili.

Hata hivyo, nia yao iwe safi kama maji, ukubwa wa zoezi bado ni suala. Ukichukua ukurasa kuwa maneno 250, mhariri makini kwenye mswada usio mbovu sana huenda na kurasa tano au sita kwa saa. Kurasa 58 ni saa kumi hadi kumi na mbili, kabla hujasoma tena mara ya pili kama ilivyo desturi yako, na kabla hujaandaa nakala safi. Hizo ni siku mbili kamili za kazi. Na mkono wa mhariri haufichiki muda wote huo. Kurasa tano zinatosha kumwonyesha msahihishaji kama unaona upatanisho wa kisarufi ulioharibika, kama unashika majedwali yasiyolingana na maelezo yake, kama unajua lini ubadilishe na lini umuulize mwandishi. Ukurasa wa 50 hautamwambia jipya lolote isipokuwa kwamba una uvumilivu.

Sisemi haya ili kuipinga mitihani. Nimekaa kwenye meza za usaili kwa muda mrefu upande wa utumishi, na nimeona watu wenye vyeti vya kung'aa na ulimi mtamu wakipewa aya moja wasione kosa. Nimeona pia binti aliyekuwa akitetemeka, hajamaliza jibu hata moja kwa utulivu, akishika karatasi akawa mtu mwingine kabisa. Bila lile zoezi asingeajiriwa. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizofanywa kwa muda wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe aifanye ilikuwa miongoni mwa njia zilizotabiri vizuri zaidi nani ataiweza kazi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu hizo wakashusha makadirio mengi, likiwemo hilo, na usaili wenye maswali yaliyopangwa ukapanda juu yake. Lakini zoezi la vitendo halikutupwa, limebaki kati ya njia zinazofaa. Nakutajia hili kwa sababu naona umeanza kuiona mitihani yote kama dharau. Baadhi ni uvivu wa mwajiri, na wale waliokaa kimya baada ya kupokea kazi yako hawakukutendea haki. Ila mtihani wenyewe unaweza pia kuwa rafiki wa mtu kama wewe, asiyejua kujisifu.

Na hapo nisimame kidogo kwenye zile dakika 40, maana umezipita haraka ukasema umeshindwa. Ulikutana na sentensi yenye hesabu mbovu. Hukuibadilisha kwa kubahatisha, na hukuiacha ipite. Ulihesabu, ukahesabu tena, ukamuuliza mwandishi swali lenye njia mbili za kujibiwa. Vijana waliokabidhi mapema, huenda walimaliza aya ya mwisho huku 650,000 ikiwa imekaa palepale. Kisha ukaitwa. Unadhani waliosahihisha waliona nini? Kwenye kijitabu cha kipimo cha dawa ya kuku, mwajiri anayejua kazi yake anamhitaji nani, mwepesi au anayesoma mara mbili? Unajiita mzito kwa kujipima na saa ya ukutani. Wao huenda wanapima kitu kingine.

Sasa tuje kwa huyo kijana.

Umeuliza, kama ananijua, ananipima nini? Ni swali zuri, lakini nadhani umeliuliza ukiwa umeumia, kwa hiyo jibu ulilokuwa nalo kichwani ni moja tu: ananidharau. Nikuombe ufikirie majibu mengine. Miradi inayolipwa na wafadhili huwa na taratibu za kuajiri zenye makaratasi, na anayekuja kukagua huuliza kila mtahiniwa alipimwaje. Akikupitisha wewe bila zoezi kwa sababu anakujua, siku ya pili ofisini watasema amemleta dada yake. Maneno hayo yangekufuata wewe kuliko yeye. Inawezekana utaratibu unaokukera ndio unaokulinda. Inawezekana pia si yeye aliyeutunga, ameukuta. Na inawezekana, nalo tusilifiche, kwamba ameshika cheo na anafurahia kidogo kukiona kinafanya kazi juu ya mtu aliyemheshimu. Hayo yote matatu yanaingia ndani ya ule ujumbe mfupi aliokutumia. Wewe ulimlea, unamjua sauti yake. Lipi linafanana naye?

Kisha jiulize jambo hili, na ulijibu ukiwa peke yako: kama msahihishaji angekuwa mtu baki wa umri uleule, kurasa 58 zingekuuma vilevile? Kama jibu ni ndiyo, basi shida yako ni ukubwa wa kazi, na hiyo inazungumzika kwa barua pepe moja. Kama jibu ni hapana, basi hata wakipunguza zoezi likawa kurasa tatu, utakwenda kazini ukiwa na jeraha. Maana ukiipata nafasi hiyo, atakuwa mkubwa wako kila asubuhi. Atarudisha kazi yako na maoni pembeni. Siku nyingine atakosea mbele yako, na utatakiwa kuchagua namna ya kumwambia. Wapo walimu wanaofanya kazi chini ya wakuu wa shule ambao zamani walikuwa wanafunzi wao, na wauguzi wakongwe huagizwa na madaktari ambao wao ndio waliowapokea walipokuja kama wanafunzi. Wengine wanaishi nalo vizuri, hata kwa fahari. Wengine linawala polepole. Sitaki nikuamulie wewe ni yupi, ila ni afadhali ulijue sasa kuliko mwezi wa tatu wa ajira.

Kuna njia ya kati ambayo sikuiona kwenye barua yako. Unaweza kuomba kazi za watahiniwa zisahihishwe bila majina na kwa macho ya watu wawili. Ofisi makini hufanya hivyo, na ombi hilo linamsaidia hata yeye, kwa sababu linamwondolea lawama. Waweza pia kumpigia simu. Simaanishi kumlalamikia. Umwambie tu, “Mdogo wangu, nataka kukuuliza kitu kuhusu zoezi, na nataka unijibu kama mtu wa kazi.” Hatari yake ipo: akiwa kwenye kamati ya usaili huenda haruhusiwi kuongea na mtahiniwa mmoja nje ya wengine, na simu yako inaweza kumweka pabaya. Ndiyo maana mimi naelemea kwenye maandishi, kupitia anwani ileile iliyokutumia zoezi, ili kisiwepo kitu cha kuficha.

Upande wa njia zenyewe, naona nne, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuifanya yote. Mume wako hana kosa, ada ya Januari haisubiri mjadala, na ukiamua hivi usijione umejishusha. Ila ifanye kama mtihani. Uliza kwanza wanatumia mwongozo gani wa uandishi na kamusi ipi, Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA au Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ili usihukumiwe kwa kipimo usichokijua. Usihariri kupita kiasi. Wahariri wenye uzoefu wanapoanguka kwenye mitihani mara nyingi ni kwa sababu hiyo: wanaandika upya sentensi ambayo haikuwa na kosa, kwa kuwa tu wao wangeisema vingine, na wasahihishaji hutazama sana ulichokiacha salama. Kile kipimo cha dawa usikiguse. Acha swali lako chini ya lile la kwanza.

Hatari ya njia hii unaijua. Wakikitumia kijitabu na wasikuajiri, huna pa kushika. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi tangu inapotungwa, bila hata kuisajili, lakini inamlinda mtunzi. Kijitabu ni chao. Nukta na koma ulizoziweka, hata sentensi ulizonyoosha, ni vigumu mno kuzidai. Ingekuwa wamekutaka utunge makala yako mwenyewe, mazungumzo yangekuwa mengine. Kwa mhariri, ulinzi uko kwenye makubaliano kabla ya kazi, na barua pepe si maneno ya hewani: tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa namna hiyo unatambulika kisheria. Kwa hiyo hata ukifanya zote 58, tanguliza mstari mmoja unaosema unaifanya kwa ajili ya usaili tu, na kwamba ikitumika kwenye chapisho mtakubaliana malipo.

Unaweza kufanya sehemu. Chagua kurasa sita, ukurasa wa 19 uwemo, uzihariri kwa ukamilifu wako wote. Kisha usome kijitabu chote bila kukigusa, uandike ukurasa mmoja wa tathmini: istilahi zinazobadilika njiani, sura zisizo na mpangilio, picha zisizoendana na maelezo, mahali panapohitaji mtaalamu. Mhariri mwandamizi anaajiriwa kwa jicho hilo zaidi ya kusahihisha herufi, na tathmini ya namna hiyo kijana asiye na miaka yako hawezi kuiandika. Hatari yake ni kwamba mwenzako mmoja kati ya wawili atarudisha zote 58, na kuna mwajiri atakayehesabu kurasa. Wapo wa namna hiyo.

Unaweza kuomba malipo. Kwenye kazi za miradi, uhariri mara nyingi huwekewa fungu lake kwenye bajeti, kwa hiyo ombi lako si la ajabu kwao. Taja bei yako ya kawaida kwa ukurasa, kwa sauti ya kawaida. Wanaweza kukubali. Wanaweza kusema utaratibu wa usaili hauna malipo na wakakupunguzia kurasa. Wanaweza pia kukuona unatanguliza hela, wakamchukua mwingine. Hilo la mwisho linaumiza, lakini nalo ni habari kuhusu nyumba unayotaka kuingia.

Na unaweza kujitoa. Rafiki yako angefurahi, na hoja yake ina ukweli ambao sitaki kuubeza, kwa sababu mazoea ya kazi za bure yanamfikia kila mtu kwenye fani. Ninachokuomba uangalie ni kwamba yeye tayari ana wateja wake. Kukataa kwake kunamgharimu mteja mmoja kati ya kadhaa. Kwako wewe gharama ni mshahara ambao hamjaupata mwaka mzima. Mnaweza kuwa na msimamo mmoja na bado msibebe uzito sawa. Ukijitoa, iwe kwa sababu umeuliza na hukuridhika na majibu. Kujitoa bila kuuliza kutakuacha ukijiuliza kama ulikimbia zoezi au ulimkimbia kijana.

Mimi kama ningekuwa na siku mbili zako, asubuhi hii ningetuma barua fupi kama hii, kisha nikaendelea kuzihariri zile kurasa sita wakati nasubiri, kwa kuwa kurasa sita zitahitajika kwa njia yoyote kati ya tatu za mwanzo:

“Nashukuru kwa nafasi ya kufika hatua hii. Nimekipitia kijitabu na nimevutiwa nacho. Kabla ya kuendelea naomba ufafanuzi wa mambo mawili. Je, andiko hili ni la zoezi tu au linatarajiwa kuchapishwa? Na je, inawezekana nikahariri kwa kina kurasa chache mtakazozichagua, niambatanishe na tathmini ya kijitabu kizima? Ikiwa mnahitaji kihaririwe chote kwa ajili ya kuchapishwa, niko tayari kwa bei tutakayokubaliana.”

Ibadilishe iwe na sauti yako, mimi si mhariri. Usiweke lawama, usitaje jina la faili, usieleze miaka yako 11. Wasifu wako wanao. Na mwoneshe mume wako kabla hujaituma, ili Januari ikifika muwe mlikubaliana pamoja, jibu liwe lolote.

Wakikaa kimya hadi jioni ya siku ya mwisho, tuma kurasa sita na tathmini kwa wakati, usichelewe hata dakika. Wakijibu, soma vizuri namna walivyolijibu lile swali la kwanza, kisha uniandikie.